Geuza kopo kwanza: ninavyochagua virutubisho vya mazoezi

Juu ya kabati langu la jikoni kuna makopo manne. Mawili nayatumia. La tatu nimeligeuza la kuwekea misumari. La nne limebaki na unga wake, sijalitupa kwa sababu linanikumbusha usiku mmoja ambao nitausimulia hapo chini. Nina miaka 41, nina kilo 72, nanyanyua vyuma jioni nne kwa wiki nikitoka kazini. Si daktari wala mtaalamu wa lishe. Ni mtu aliyenunua kila kitu chenye picha ya kifua kipana, pesa zikaisha na kifua kikabaki kilekile, ndipo akaanza kusoma maandishi madogo.

Waliosema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza hawakuwahi kuona kopo la unga wa protini, lakini walilijua vizuri. Mbele ya kopo ni matembezi matupu. Habari iko mgongoni.

Ila hata kabla ya kuligeuza, chukua daftari. Siku tatu mfululizo andika kila unachokula na saa ulizolala. Bila hesabu hiyo hujui unanunua kopo lizibe pengo gani. Kwa anayefanya mazoezi ya nguvu, tafiti nyingi zinaelekeza gramu 1.4 hadi 2 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na ukifika karibu na 1.6 faida ya kuongeza zaidi inaanza kuwa ndogo sana. Mimi ni 72 mara 1.6, kama gramu 115. Nilipopiga hesabu ya mlo wangu (yai moja ni kama gramu 6, kikombe cha maziwa kama gramu 8, na kadhalika) nikapata 85. Pengo ni gramu 30. Wakati huo nilikuwa nakunywa unga mara tatu kwa siku, zaidi ya gramu 70, nikidhani nalisha misuli. Nilikuwa nakula chakula cha kawaida kwa bei ya dawa. Ingewezekana pengo likawa sifuri, na hapo ungeacha unga dukani ukanunue chakula.

Na zile mbio za kutoka jimu huku mtu anatikisa chupa kana kwamba dakika ya thelathini ikipita misuli itasusa? Usijisumbue. Jumla ya siku nzima ndiyo yenye uzito. Gramu 20 hadi 40 kwa mlo, milo ikigawanywa vizuri mchana kutwa, inatosha.

Sasa geuza kopo. Tafuta vitu viwili: gramu za kipimo kimoja, na gramu za protini ndani ya kipimo hicho. Gawanya. Protini 24 katika unga wa gramu 30 ni asilimia 80, na hiyo ni hali nzuri kwa protini ya wei ya kawaida, ile inayotokana na majimaji yanayobaki maziwa yakigandishwa kuwa jibini. Ukikuta 15 katika 30, nusu ya kopo ni kitu kingine, mara nyingi sukari. Wei iliyochujwa zaidi, inayoandikwa isoleti, hufika asilimia 90 hivi na lactosi yake, yaani sukari ya maziwa, ni kidogo. Ile ya kawaida ilinifanya tumbo lingurume mpaka mwenzangu kwenye benchi la pili akageuka kuniangalia, isoleti ikalinyamazisha. Asiyetumia vya wanyama atafute soya, au mchanganyiko wa njegere na mchele, kwani kila kimoja kinajaza kilichopungua kwa mwenzake.

Kisha pima kwa mizani ya jikoni, usiamini kijiko kilichomo koponi. Nilifanya hivi baada ya kopo la vipimo 30 kuniishia siku ya 22, nikaenda kumlaumu muuzaji. Niliweka bakuli, nikairudisha mizani kwenye sifuri, nikachota kama nilivyozoea, kilima juu: gramu 41. Nikachota tena, nikasawazisha kwa mgongo wa kisu: 33. Lebo inasema 30. Muuzaji alikuwa hana kosa, na nilirudi kumwambia hivyo.

Kwenye orodha ya viambato kuna ujanja mmoja unaostahili kujulikana. Maabara nyingi hazipimi protini yenyewe. Zinapima naitrojeni, ambayo kila protini inayo, kwa njia aliyoibuni Johan Kjeldahl wa Denmark mwaka 1883, kisha zinazidisha, kwa kawaida kwa 6.25. Naitrojeni haisemi imetoka wapi. Kwa hiyo mtengenezaji mwenye tamaa anaweza kutia asidi amino (vile vipande vinavyojenga protini) za bei rahisi kama glaisini, au taurini, na namba ya protini mbele ya kopo ikapanda bila misuli yako kupata cha maana. Kashfa ya maziwa ya China mwaka 2008 ilitumia mwanya huohuo: melamini, kemikali ya viwandani yenye naitrojeni nyingi, ilitiwa kwenye maziwa na watoto wachanga wakaugua. Nikiona glaisini au taurini imeongezwa kwenye unga unaojiita protini tupu, kopo linarudi rafuni.

Tuje kwenye lile kopo la nne. Ulikuwa unga wa kunywa kabla ya mazoezi, rangi ya bluu isiyofanana na tunda lolote duniani. Mgongoni paliandikwa “mchanganyiko maalumu, gramu 6”, halafu majina tisa bila kipimo cha hata kimoja. Nilikunywa saa moja jioni. Baada ya robo saa uso ukaanza kuwasha na kuchomachoma, masikio yakawa ya moto, nikakaa chini nikidhani nimelishwa sumu. Hiyo ilikuwa beta-alanini, asidi amino inayowasha ngozi ukiinywa nyingi kwa mara moja, inatisha lakini haina madhara. Tatizo la kweli lilikuwa kafeini. Saa nane usiku nilikuwa nahesabu mbao za dari, moyo unapiga kama mtu anayegonga mlango.

Kafeini hukaa. Kwa watu wengi nusu yake inabaki mwilini baada ya saa tano hivi. Ukinywa miligramu 300 saa moja jioni, saa sita usiku bado una 150, yaani umeenda kitandani na kahawa kali. Na mimi hata sikujua kama ni 300 au 500, kwa sababu lebo ilinificha. Tangu siku hiyo nina sheria: mchanganyiko usiotaja kiasi cha kila kitu sinunui, hata kikitolewa bure.

Kafeini yenyewe si adui. Inasaidia, kuanzia miligramu 3 kwa kilo, kama saa moja kabla ya mazoezi. WADA, chombo cha dunia cha kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni, iliitoa kwenye orodha ya marufuku mwaka 2004. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilisema mwaka 2015 kwamba mtu mzima mwenye afya asizidishe miligramu 200 kwa mara moja na 400 kwa siku, na mjamzito 200 kwa siku nzima. Ikitokea nikafanya mazoezi asubuhi, nakunywa kahawa. Jioni sinywi kitu. Na kafeini tupu ya unga usiiguse kabisa: kijiko kimoja cha chai ni sawa na vikombe zaidi ya 20 vya kahawa, na watu wamekufa nayo.

Kopo ninalolitetea mbele ya yeyote ni la kreatini. Si kitu kigeni. Mfaransa Michel Eugène Chevreul aliitoa kwenye nyama mwaka 1832, na mwili wako unajitengenezea kiasi fulani. Imehifadhiwa kwenye misuli, na kazi yake ni kurudisha haraka nguvu inayotumika kwenye sekunde chache za jitihada kubwa: yale marudio mawili ya mwisho ya skwati, mbio fupi, kuruka. Gramu 3 hadi 5 kila siku, saa yoyote, siku ya mazoezi na isiyo ya mazoezi. Wapo wanaoanza na gramu 20 kwa siku, zikigawanywa mara nne, kwa siku tano hadi saba ili misuli ijae upesi. Mimi nilijaribu, nikashinda chooni. Ukienda na kiasi kidogo utafika palepale baada ya wiki nne hivi. Nunua monohidreti, ile ya kawaida kabisa. Aina nyingine zenye majina marefu ni ghali na hazijaonyesha kuizidi.

Mambo mawili yasikushtue. Mizani itapanda, kilo moja au mbili, ni maji ndani ya misuli. La pili lilinikuta mwaka jana nilipopima afya. Daktari aliangalia karatasi ya majibu, akavua miwani.

“Kreatinini yako iko juu. Unatumia nini wewe?”

“Kreatini, daktari. Gramu tano kila siku. Na jana yake nilinyanyua sana.”

“Ungenieleza kabla sijatoa damu.”

Aliniandikia kipimo kingine, sistatini C, ambacho hakiyumbishwi sana na misuli, na figo zikaonekana nzima. Kreatini ikitumika mwilini hugeuka kreatinini, ndiyo inayopimwa kukadiria kazi ya figo, kwa hiyo namba inaweza kupanda bila figo kuwa na hitilafu. Taja virutubisho vyako kabla ya sindano. Na mwenye ugonjwa wa figo tayari asianze bila ruhusa ya daktari wake.

Mengine nitayapitia haraka. BCAA ni asidi amino tatu kati ya tisa ambazo mwili hauwezi kujitengenezea. Protini ya kutosha tayari inazo zote tisa, ndiyo maana kopo lile sasa lina misumari. Beta-alanini inafaa jitihada za dakika moja hadi nne, gramu 3.2 hadi 6.4 kwa siku, kwa wiki kadhaa, ikigawanywa kidogokidogo ili isiwashe. Vitamini C na E za dozi kubwa kila siku kwa jina la “kupona haraka” nimeziacha: kuna ushahidi kwamba zinaweza kupunguza mabadiliko yaleyale unayoyatafuta mazoezini. Magnesiamu nyingi ni kuhara tu. Wanga wa kunywa baada ya mazoezi unahitajiwa na anayefanya mazoezi tena ndani ya saa chache. Mimi naenda nyumbani kula na kulala. Saa saba au nane za usingizi, na hakuna kopo lililowahi kunirudisha katika hali yangu kama hizo.

Madini ya chuma ni habari nyingine. Dada mmoja tunayefanya naye mazoezi alikuja akitaka nimwelekeze unga wa kuongeza nguvu. “Kaka, mimi nachoka hata kabla ya kupasha mwili.” Nikamwambia, dada yangu, kapime damu kwanza, na uombe waangalie feritini. Akiba yake ya chuma ilikuwa chini kabisa. Daktari alimpa vidonge, na unga alioutaka ungemficha tatizo kwa miezi. Lakini usivimeze kwa kubahatisha, maana mwili hauna njia ya kutoa chuma kilichozidi, kinajikusanya na kuharibu ini na moyo.

Kama unashindana na unaweza kupimwa, swali la kwanza linakuwa usafi wa kopo. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2004, uliogharamiwa na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, ulichunguza virutubisho 634 visivyo vya homoni kutoka nchi 13. Vilivyokutwa na homoni zisizoandikwa kwenye lebo vilikuwa 94, karibu asilimia 15. Mchezaji hujitetea kwamba hakujua, na sheria inamjibu kwamba kilichomo mwilini mwake ni chake. Marekani, kwa sheria ya mwaka 1994, mtengenezaji hahitaji kuidhinishwa kabla ya kuuza, kwa hiyo kuwepo rafuni si cheti. Tafuta alama ya wapimaji huru wa virutubisho, Informed Sport au NSF Certified for Sport, kisha usiishie kwenye alama: chukua namba ya toleo iliyopigwa chini ya kopo uitafute kwenye tovuti yao. Alama inachapishika na yeyote mwenye mashine. Vya kuogopa zaidi ni vinavyoahidi kukata mafuta kwa wiki mbili au misuli kwa mwezi; humo ndimo dawa zilizofichwa hupatikana sana.

Ukishachagua, anza na kimoja. Ukianza vitatu kwa pamoja na ukawashwa, au ukapona, hutajua ni kipi. Mimi nakipa wiki nane. Kwenye daftari naandika uzito wa vyuma, marudio, saa za usingizi na tumbo limelalaje, bila kubadilisha ratiba ya mazoezi. Wiki ya tisa nasimamisha na kuendelea kuandika. Kreatini ilipita hivyo, na unga wa protini unapita kila ninapokuwa na wiki zenye kazi nyingi nisizopata muda wa kupika. Mwezi wenye milo mizuri kopo linakaa juu ya kabati limefungwa, kavu, mbali na mvuke wa jiko, na kijiko nakiosha na kukikausha kabla ya kukirudisha, kwa sababu unga ukiloa mara moja unashikana na hauachani tena.