Namna ya kulielewa neno la Kiingereza get
Ukilikariri get kuwa ni "pata" tu, litakupotosha. Sikiliza neno linalolifuata.

Likifuatwa na kitu, ni kupata, kununua au kuleta: mgeni akikuambia sokoni Mwanjelwa I want to get avocados, anataka kununua maparachichi. Likifuatwa na neno la hali, ni kuanza kuwa hivyo. I'm getting cold, maneno ya Mbeya hasa mwezi Juni, ni "naanza kusikia baridi". Likifuatwa na to na mahali, ni kufika: get to Tukuyu. Hapo wengi huteleza, wakasema get to home. Home, here na there hazitaki to, kwani "kwenye" imo ndani yake tayari; sema get home.

Vijineno vya mwisho ndivyo vya kuchunga zaidi. Get on ni panda basi, get off at Uyole ni shuka Uyole. Kwa teksi ni get in na get out. Kondakta akivichanganya, abiria hupitilizwa kituo. Na mgeni akisema I don't get it, hajaelewa, rudia polepole.

Wakati uliopita ni got.