Kabla ya kugusa kabureta ya Sea-Doo ya zamani

Pikipiki ya majini ya miaka ya 1990 ikianza kukohoa na kukosa nguvu, wengi hukimbilia kununua kabureta. Kwa Sea-Doo zenye injini ya Rotax ya mipigo miwili, mimi ningeangalia mipira ya kupitishia petroli kwanza. Ukikuta ya kijivu, iondoe yote, hata kama kwa nje inaonekana nzima. Ndani huoza ikawa uji wa kijani unaonata. Uji huo husafiri na petroli hadi kwenye kichujio kidogo cha wavu kilichofichwa ndani ya kabureta ya Mikuni, na wavu ukiziba petroli hufika pungufu. Hewa ikizidi petroli, moto wa silinda huwa mkali mno na pistoni hutoboka. Kabureta mpya ukiifunga kwenye mipira ileile itaziba vilevile.

Fungua kiti uache chombo kipumue kabla ya kushika spana. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hujikusanya chini kabisa ya bodi, na cheche moja ya betri inatosha. Toa waya wa hasi, weka kizima moto karibu, na mwenye sigara akae mbali.

Nunua mpira mweusi wa petroli wenye kipenyo cha ndani sawa na wa zamani, upime, usikisie. Ongeza klipu mpya na oringi (pete ya mpira ya kuzuia uvujaji) ya bakuli la kichujio cha kutenganisha maji. Vifaa vya kukarabatia kabureta viwe halisi, kwani sindano za kufungia petroli za bei poa mara nyingi hazizibi sawasawa. Swichi ya kuchagulia petroli ya kawaida au ya akiba nayo isafishwe au ibadilishwe, maana uji umepita humo pia.

Piga picha kabla ya kuchomoa chochote. Mpira unaorudisha petroli tangini umeunganishwa kwenye kichwa chenye tundu dogo sana linalotunza presha, kwa hiyo ukiuchanganya na ule wa kuingizia umejitafutia kazi. Vali za upumuo wa tangi hupitisha hewa upande mmoja tu. Mipira ya oili iache kama ilivyo. Ukilazimika kuifungua, toa hewa kwenye pampu ya oili kabla ya kuwasha, la sivyo injini itakwama.

Aliyezoea mashine za boti za uvuvi atashangaa: kabureta hii haina bakuli wala boya. Ina utando, na pampu yake huvuta petroli kutoka tangini. Ndiyo maana mpira uliopasuka hunyonya hewa bila kudondosha hata tone, na jicho halitauona. Ukimaliza kufunga, ziba upumuo wa tangi, jaza mfumo wa petroli presha ya psi 5 kwa pampu ya mkono yenye geji, usubiri dakika 10. Mshale ukishuka, paka maji ya sabuni kwenye viungo utafute mapovu.

Petroli iliyolala miezi mingi imwagwe yote, ila si ufukweni.

Ukijaribu injini nchi kavu kwa maji ya mpira wa bomba, washa injini kwanza ndipo ufungue maji. Wakati wa kuzima, funga maji kwanza. Ukigeuza mpangilio huo, maji hupitia ekzosti yakaingia kwenye silinda.