Stanley na Bagamoyo: namna ya kuandaa mdahalo wenye hoja

Henry Morton Stanley alikuwa mwandishi wa habari na mpelelezi wa karne ya 19. Katika mdahalo juu yake, anzeni na mada. "Stanley ni shujaa au mwovu?" ni swali la barazani, halijadiliki. Andikeni kauli inayoweza kutetewa na kupingwa: "Henry Morton Stanley anastahili kukumbukwa Bagamoyo kwa heshima." Pande zipangwe kwa kura ya vikaratasi wiki mbili kabla, kwa sababu anayejichagulia upande mara nyingi hasomi hoja za wenzake.

Wasemaji watatu kila upande wanatosha, pamoja na mwenyekiti, katibu na mtunza muda mwenye kengele. Msemaji wa kwanza apewe dakika 5, wengine 4, hadhira 15, na majumuisho dakika 3 kila upande.

Kazi kubwa ni utafiti. Gawaneni safari zake moja moja, kila mtu na yake. Mwaka 1871 aliondoka Bagamoyo kumtafuta David Livingstone, mmisionari na mpelelezi, wakakutana Ujiji. Novemba 1874 aliondoka tena Bagamoyo na msafara wa mamia ya watu, akatokea Boma, karibu na mlango wa mto Kongo, Agosti 1877. Wengi walikufa au walitoroka njiani. Watetezi wana hoja nzito hapa: alizunguka Ziwa Victoria kwa mashua, kisha akathibitisha kwamba mto Lualaba ndio mto Kongo. Wapinzani nao wana Bumbire, kisiwa cha ziwa hilohilo. Wenyeji walimnyang'anya makasia mwaka 1875. Miezi michache baadaye alirudi, akawamiminia risasi watu waliosimama ufukweni na mikuki na mishale.

Watetezi wakisema "zama zile ndivyo mambo yalivyokuwa", jibu lipo tayari: habari za Bumbire, alizoziandika mwenyewe magazetini, zililaaniwa Uingereza wakati uleule. Hoja hiyo ikishajibiwa hivyo haisimami tena, kwa hiyo msiitegemee.

Wapinzani huteleza kwenye Kongo. Humtwika yeye peke yake ukatili wa kuwalazimisha watu wa Kongo kuvuna mpira, ilhali ulishamiri miaka ya 1890 na yeye alikuwa ameondoka mwaka 1884. Shtaka linaloshikika ni hili: kuanzia 1879 alimjengea Mfalme Leopold II wa Ubelgiji vituo na kumkusanyia mikataba ya machifu, na juu ya msingi huo ndipo dola ya Leopold ya Kongo ikasimama.

Jambo linalosahaulika na pande zote mbili, na linaloumiza zaidi kwa mji huu, ni wapagazi. Mwenyekiti atenge swali moja la lazima: Stanley angefika wapi bila Sidi Mubarak Bombay, mmoja wa viongozi wa msafara wa 1871, au Uledi, nahodha wa mashua aliyeokoa watu wengi kwenye maporomoko ya Kongo? Asiyeweza kujibu akatwe alama.

Hadhira ipige kura mara mbili, kabla ya msemaji wa kwanza na baada ya majumuisho. Upande ulioongeza kura nyingi zaidi ndio mshindi, hata kama jumla yake ni ndogo. Katibu asome hesabu zote mbili hadharani.