Nusa hopsi kabla ya kuzitia kwenye bia
Ukinunua maua ya hopsi, mmea unaoipa bia uchungu na harufu, kwa bia ya nyumbani, usitazame jina la aina peke yake, tazama yalivyokaushwa. Kule bonde la Yakima, Marekani, ua huvunwa likiwa na maji karibu asilimia 80, kisha hupulizwa hewa ya moto mpaka yabaki 8 hadi 10. Moto ukizidi, mafuta mepesi yanayobeba harufu hupeperuka, uchungu ukabaki bila manukato. Sugua ua moja viganjani: unga wa ndani uwe wa njano kali, na viganja vinate. Ukikuta unga wa kahawia, au harufu ya jibini, achana nazo. Pakiti ikishafunguliwa, kamua hewa yote, ifunge, iingie friza siku hiyohiyo.