Kisiwa cha Ugiriki kwa pasipoti yetu: hesabu siku za viza kabla ya kuhesabu nguo

Picha za Santorini zimetumaliza. Harusi ikiisha, au mtu akifikisha miaka 40, kundi la WhatsApp linaanza kutuma nyumba nyeupe, makuba ya buluu, na dada mmoja aliyejifunga mtandio unaopeperuka juu ya bahari. Sina ugomvi na hilo. Nimekwenda, nimevaa nikavalia kweli, na nikipata nafasi nitarudi. Ila miongozo mingi ya mapumziko hayo imeandikwa na watu ambao pasipoti zao hazijawahi kubandikwa stika ya viza. Huu ni wa kwetu, tunaoishi Uingereza, Marekani au Ghuba huku mfukoni bado tuna pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda au ya majirani.

Kwanza niwajibu wa nyumbani. Mama mdogo alinipigia nikiwa kwenye kuhangaikia karatasi: "Mwanangu, si umo Ulaya humohumo? Viza tena ya nini?" Shikamoo mama mdogo. Uingereza haikuwahi kuwa ndani ya Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zenye viza moja, Ugiriki ikiwemo, hata siku moja, hata ilipokuwa bado ndani ya Umoja wa Ulaya. Kibali cha kuishi cha Uingereza hakikufikishi Ugiriki, wala green card ya Marekani, wala ukaazi wa Dubai au Muscat. Wenye kadi za ukaazi za Ujerumani, Uholanzi au Sweden hao wamepona: wanakwenda na kadi na pasipoti, siku 90 ndani ya kila siku 180. Nyie rukeni hadi kwenye habari ya upepo. Na binamu zangu mnaosema "tutumie mwaliko tukutane hukohuko kisiwani," mwaliko wa mtu anayeishi Coventry, Uingereza, hauna uzito kwa afisa wa viza wa Ugiriki aliyeko Nairobi. Atataka kuona pesa zako, kazi yako na sababu yako ya kurudi.

Maombi yenyewe mnayajua, faili ni faili. Fomu, picha, stetimenti za benki, barua ya mwajiri, uthibitisho wa ukaazi wako, hoteli, tiketi, na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Pasipoti iwe na kurasa mbili tupu, iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, na ibaki hai angalau miezi 3 baada ya siku ya kutoka. Ada ni euro 90 tangu Juni 2024, na kituo cha maombi kina chake juu yake. Hoteli chukua za kufuta bila malipo. Basi.

Sasa kaeni vizuri.

Stika ikitoka, wengi wetu tunaangalia tarehe mbili, "kuanzia" na "hadi", tunashukuru Mungu, tunaifunga pasipoti. Chini ya tarehe hizo kuna namba ndogo ya muda wa kukaa, na hiyo ndiyo viza yako hasa. Tarehe mbili ni dirisha tu. Sheria inawataka waongeze siku 15 za akiba kwenye dirisha, kwa hiyo unaweza kuona wiki tatu zimeandikwa wakati siku za kukaa ni 8. Hizo 8 zimechukuliwa kwenye tiketi na hoteli ulizowaonyesha. Uliomba siku 8, umepewa siku 8. Siku ya kutua inahesabiwa nzima hata ukitua saa sita kasorobo usiku. Siku ya kuondoka nayo inahesabiwa. Soma namba hiyo. Ukimaliza kuisoma, mpe mwenzako naye aisome.

Kwenye miji ya bara hilo halikuumizi sana, maana treni na ndege ziko kila saa. Kisiwani kuna upepo. Wagiriki wanauita meltemi. Unashuka kutoka kaskazini kiangazi, na kilele chake ni Julai na Agosti, miezi ileile tunayopewa likizo ya shule. Kibaya zaidi, unavuma mbingu zikiwa safi, hakuna wingu, jua linawaka, kwa hiyo mgeni haamini kama kuna tatizo. Sisi watu wa pwani tunaijua kusi inavyoitikisa boti ya Pemba, lakini hata kusi angalau inakuonya kwa mawingu. Meltemi ikichachamaa, mamlaka ya bandari inapiga marufuku vyombo kuondoka. Boti za kasi hufungiwa kwanza, meli kubwa baadaye. Hakuna wa kumbembeleza, na wala msibembeleze, maana marufuku hiyo imewekwa watu wasife.

Yaliyotupata ni haya. Tulikuwa kisiwa cha Paros, tuna boti ya asubuhi kwenda Piraeus, bandari ya Athens, na ndege ya jioni kutoka Athens, kila kitu kimepangwa kwa mstari mmoja kama wanavyofundisha kwenye video. Usiku ikaingia meseji: safari imefutwa. Asubuhi bandarini watu wamelala juu ya masanduku, boti za kesho yake zimejaa, na uwanja wa kisiwa hicho unapokea ndege ndogo ambazo nazo zilikuwa zimenunuliwa zote na waliowahi kuamka. Ndege yetu ya London ikaondoka bila sisi. Tiketi ya boti na tiketi ya ndege zilikuwa mbali mbali, kwa hiyo kampuni ya ndege ikatuambia, kwa lugha nzuri sana, kwamba abiria hakutokea. Na usiku wa manane ukafika, siku za viza zikaisha tukiwa juu ya kitanda cha watu kisiwani.

Kaunta ya pasipoti Athens, afisa alihesabu kwa ncha ya kalamu. Akahesabu tena. Tukawekwa pembeni. Hoja ya upepo haikusikilizwa mpaka nilipotoa karatasi ya kufutwa kwa safari iliyogongwa muhuri, ambayo nilikuwa nimeichukua kwa wakala wa tiketi kwa sababu tu bibi mmoja Mgiriki kwenye foleni alinikaripia niichukue. Meseji ya simu hawakuitaka. Tuliondoka, lakini maelezo yakabaki kwenye kumbukumbu, na ombi la viza lililofuata lilianza na swali la siku hiyo. Tangu Oktoba 12, 2025 mpaka wa Schengen umeanza kusajili kuingia na kutoka kwa alama za vidole na picha ya uso. Mashine haihitaji ncha ya kalamu.

Kwa hiyo, ndugu zangu: usiku wa mwisho usilale kisiwani. Narudia kwa wanaosoma harakaharaka. Usiku wa mwisho usilale kisiwani. Panga usiku mbili za mwisho Athens, uzipange kweli, uzilipie kwa namna ya kufutika, uziweke kwenye ratiba unayoipeleka kwenye maombi, na kwenye barua yako uandike sababu: feri za Cyclades (kundi la visiwa lenye Santorini na Paros) huzuiwa na upepo. Hapo siku za viza zinakuja na nafasi ya kupumua ndani yake. Na Athens si adhabu. Chini ya Akropoli kuna kamtaa kanaitwa Anafiotika, kalijengwa karne ya 19 na mafundi kutoka kisiwa cha Anafi waliojenga nyumba kama za kwao, nyeupe, zimebanana, zina maua mlangoni. Picha ya mtandio unaopeperuka inapatikana hapo, na treni ya uwanja wa ndege haiko mbali.

Upepo ukikukamata hata hivyo, fanya mambo kwa mpangilio huu. Chukua karatasi yenye muhuri siku hiyohiyo. Nenda polisi kabla siku za viza hazijaisha, useme unaomba kuongezewa, maana sheria ya viza ya Schengen inaruhusu kuongeza muda bila ada kwa mtu aliyezuiwa na jambo lililo nje ya uwezo wake. Ukienda zimeshaisha, wewe ni mtu aliyezidisha siku anayejieleza. Kuhusu pesa, kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1177 ya 2010 inakupa chaguo kati ya kurudishiwa nauli na kupelekwa kwa chombo kingine. Hoteli ambayo kampuni ya meli inatakiwa kukulipia safari ikifutwa, hadi euro 80 kwa usiku kwa usiku tatu, haikuhusu ikiwa sababu ni hali ya hewa. Hapo ndipo bima ya safari inaingia, na usinunue ile ya bei ya chini iliyotengenezwa kwa ajili ya kumridhisha afisa wa viza tu. Hiyo inakutibu ukivunjika mguu, ndege iliyokuacha haiihusu.

Mtego mwingine ni idadi ya kuingia. Ikiandikwa 01, umeingia mara moja, imekwisha. Kutoka kisiwa cha Kos unaiona Uturuki kwa macho, boti za asubuhi kwenda Bodrum zinakuita, kila mgeni hotelini anakwenda kununua viungo. Wewe ukivuka umetoka Schengen, na jioni huruhusiwi kurudi kwenye sanduku lako. Rhodes na Marmaris ni hadithi hiyohiyo.

Na hukohuko upande wa mashariki, Lesvos, Chios, Samos, Leros na Kos ndivyo visiwa ambako waomba hifadhi wengi wanafikia kutoka Uturuki, na wapo wanaozuiwa kuvuka kwenda bara mpaka kesi zao zisogee. Kwa hiyo bandarini na uwanja wa ndege, hata kwa safari ya ndani, ngozi yetu inaombwa karatasi wakati Mdachi aliyeungua jua anapita na kofia yake. Inaudhi. Beba pasipoti yenyewe, si picha iliyo kwenye simu, na ugomvi uuache kwa siku ambayo hamna boti ya kuwahi.

Niseme na hili, maana limenikaa. Waingereza wamenizoesha kuombewa radhi kwa barua. Kampuni inakunyima haki yako kwa aya nne za upole, mwisho inakutakia siku njema. Mgiriki anakupigia kelele kwanza, mikono hewani, unadhani mnagombana, kisha anampigia shemeji yake mwenye vyumba na unalala kwa nusu bei. Sisemi mfumo wao ni bora; karatasi ya muhuri niliitafuta kwenye madirisha mengi kuliko ilivyostahili. Nasema tu najua ni foleni ipi ningependa kukwama.

Mtindo sasa, kwa ufupi. Septemba inashinda Agosti kwa kila kitu: upepo umepoa, bahari ina joto bado, bei zimeshuka, na sherehe za Agosti 15 za Bikira Maria, zinazojaza kila kitanda na kila meli, zimepita. Hoteli ya ukingoni Santorini, kule Oia au Imerovigli, ichukueni usiku mmoja au mbili za kuonekana, halafu hamieni Naxos au Syros ambako watu wanaishi maisha yao na chakula kina adabu. Ulizeni idadi ya ngazi kabla ya kulipia chumba, na viatu virefu bakini navyo nyumbani. Kuna kodi inayolipwa hotelini, haimo kwenye bei ya mtandaoni: tangu 2025, Aprili hadi Oktoba, ni euro 15 kwa chumba kwa usiku kwenye nyota tano, euro 10 kwenye nyota nne. Samaki wanauzwa kwa kilo, kwa hiyo apimwe mbele yako kabla hajaingia jikoni. Fukwe zote ni za umma, ukitandika khanga yako mchangani hakuna wa kukutoza. Anayelipiwa ni mwenye kitanda na mwavuli. Pikipiki ya magurudumu manne msiikodi mpaka muisome bima, nyingi zinaiacha nje. Leseni ya Uingereza inatosha kukodi gari, ya kwetu inataka na kibali cha kimataifa, ambacho kinatolewa nyumbani tu.

Kutoka Athens, meli kubwa inachukua karibu saa 8 kwenda Santorini, boti ya kasi karibu 5. Chagueni meli kubwa: inayumba kidogo, ina sitaha ya kupigia picha, na hufungiwa baadaye. Bandari ya Rafina iko karibu zaidi na uwanja wa ndege kuliko Piraeus, angalieni tiketi inasema ipi.

Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari hadi siku 15. Kwa Septemba, tafuteni miadi Aprili. Ikifika Julai, nafasi za kituo zimeshachukuliwa na walioamua safari kwenye harusi ya Desemba.