Mwagilia pembe moja tu ya makazi ya nge-mjeledi
Ukimfuga nge-mjeledi mkubwa wa kusini mwa Marekani na Meksiko, yule kiumbe wa jamii ya buibui mwenye mkia mwembamba kama mjeledi, anayejihami kwa kurusha majimaji yenye harufu kali ya siki, mjazie chombo udongo uliochanganywa na chenga za makumbi ya nazi, ulioshindiliwa hadi kina cha sentimita 15 au zaidi, kisha mimina maji taratibu kwenye pembe moja tu, ili chini pabaki na unyevu huku juu pakikauka. Hapo atachimba na kujichagulia mwenyewe unyevu anaouhitaji, hasa kabla ya kujivua gamba. Njia hii haifai kwa mchanga mtupu, kwani shimo humporomokea, wala kwa chombo kisichopitisha hewa, ambamo kuvu huota upesi. Akijifungia shimoni kwa miezi kadhaa, tafadhali usimfukue: anayesumbuliwa akijivua gamba anaweza kufa.