Antivairasi ikisema umeskaniwa poti, angalia IP kwanza

Ukiona yale maandishi mekundu ya "Port Scan Attack" usikimbilie kuchomoa waya. Mi nilishachomoa, steshenari nzima ikakosa intaneti, wateja wamejipanga na flashi mkononi, kumbe aliyekuwa "ananishambulia" ni printa yetu wenyewe iliyo pembeni ya kiti changu.

Kuskani poti ni kama mtu anapita mtaani anagonga kila mlango aone upi utaitikiwa, na kompyuta ina milango zaidi ya 65,000 ya TCP na mingine hivyohivyo ya UDP (hizo ni njia mbili za kusafirisha data). Kugonga siyo kuingia, na mara nyingi mpaka unapewa taarifa jamaa keshazuiwa.

Kwa hiyo usibonyeze OK haraka, fungua logi (kumbukumbu ya matukio ya antivairasi) uandike IP ilikotoka (anwani ya kifaa kwenye mtandao), poti na saa.

IP ikianza na 192.168 au 10. (10 yenye nukta, siyo 102 wala 105) au 172.16 mpaka 172.31 basi huyo yuko humohumo kwenye waifai yenu. Ikiwa 192.168.1.1 au 192.168.0.1 kwa kawaida ni raota, na raota inasingiziwa sana aisee: kompyuta inauliza DNS (huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa IP), mtandao wa jioni unajua ulivyo, jibu linachelewa, fayawoli (mlinzi wa milango ya kompyuta) imechoka kusubiri imeshafunga mlango, halafu majibu yanaingia kwa mkupuo kwenye poti tofautitofauti na antivairasi inahesabu hiyo ni skani. Utaijua kwa kuwa ni UDP na poti ya chanzo ni 53, ambayo ni ya DNS. Hiyo achana nayo.

Kama siyo raota, fungua CMD (dirisha la kuandika amri la Windows) andika arp -a, utapata orodha ya IP na MAC (namba ya utambulisho ya kifaa), linganisha na vifaa vyako (simu za siku hizi zinabadilisha MAC, usishangae isipofanana). Ukichoka, zima kifaa kimoja kimoja uone taarifa zinakata wapi, ndo nilivyoikamata printa.

Ya kuogopa ni kompyuta ya ndani inayogonga poti 445 (ya kushirikiana mafaili kwenye Windows) kwa kila mtu, kirusi cha WannaCry cha 2017 kilisambaa kwa mlango huo, au DVR (mashine ya kurekodi) ya kamera inayogonga poti 23 kama ilivyokuwa kwa kirusi cha Mirai 2016. Hapo sasa chomoa, ila chomoa hicho kifaa tu. Kompyuta iskani virusi na uiapdeti, DVR irisetie, weka paswedi mpya ndo uirudishe.

IP ya nje? Kina Shodan (tovuti ya kutafuta vifaa vilivyo mtandaoni) wanaskani intaneti nzima usiku na mchana, hawakufuati wewe. Cha kujiuliza ni imefikaje kwenye laptopu wakati raota iko katikati, labda unatumia modemu ya USB moja kwa moja, au kuna poti imefunguliwa kwenye raota, UPnP (kipengele cha raota kinachoruhusu vifaa kujifungulia poti) nayo huwa inafungua kimyakimya. Kama uliifungua poti 3389 (ya Remote Desktop) ili uingie kompyuta ya ofisini ukiwa nyumbani, ifunge leo utumie VPN (njia iliyofichwa ya kuingia mtandao wa ofisi).

Na usizime kabisa kugundua skani eti kunasumbua. Ruhusu IP ya raota peke yake, tena kabla ya hapo hakikisha paswedi ya raota yenyewe siyo admin.